Gitaa la Katanga na Kiswahili cha Migodini

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, Mwenda Jean Bosco, aliyepiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada tu. Vidole hivyo vimechunguzwa. David Rycroft alichapisha uchambuzi wake mwaka 1961 na 1962. Maneno, kwa maoni yangu, hayajapewa uzito huo. Mwenda, Myeke kwa asili, aliimba Kiswahili cha miji ya migodi, walikokutana kazini Waluba, Wabemba na wengineo. Tukikiita kibovu kwa kuwa hakifuati kipimo cha Unguja, tunatupa ushahidi. Edouard Masengo alikwenda nacho Nairobi, na huko (wanaokisahihisha wasisahau) santuri zake zilinunuliwa.