Kizazi, Homoni na Kiashiria: Istilahi za Magonjwa ya Wanawake Zinavyomfikia Mgonjwa wa Mandewa

Kata ya Mandewa imo katika Manispaa ya Singida, na huko ndiko yalikojengwa majengo mapya ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwanamke afikaye hapo kutoka vijijini huenda amelelewa katika Kinyaturu au Kinyiramba. Daktari amhudumiaye alisoma tiba kwa Kiingereza, na majibu ya maabara huandikwa kwa lugha hiyohiyo. Mazungumzo yao, hata hivyo, hufanyika kwa Kiswahili. Mhadhara huu unachunguza maneno matatu yatumikayo katika mazungumzo hayo, na madhara yanayoweza kutokea maana zake zinapochanganyika.

Neno la kwanza ni kizazi. Asili yake ni kitenzi zaa, nalo hubeba maana mbili zilizozoeleka: watu wa rika moja katika ukoo au jamii, na kiungo ambamo mimba hukua. Katika maana hiyo ya pili, mipaka yake ni legelege mno. Mji wa mimba huitwa kizazi. Mlango wake huitwa kizazi. Na wapo wasemao kizazi wakikusudia hata ovari. Katika ngano na methali ulegevu huo haudhuru kitu. Katika chumba cha daktari unadhuru. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa, karibu kila mara, na virusi vya HPV. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini Tanzania kote mwaka 2018 kwa wasichana, na dalili zake za awali huweza kutafutwa kwa kipimo cha siki. Saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba ni ugonjwa mwingine kabisa: aghalabu huchochewa na homoni, wala kipimo cha siki hakikusudiwi kuutafuta.

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mama wa miaka sitini aliyepimwa kwa siki akaambiwa, “Mama, kizazi chako ni salama.” Miezi kadhaa baadaye anaona damu, ilhali hedhi yake ilikoma zamani. Kwa kuwa aliambiwa kizazi ni salama, anakaa nyumbani. Hapana aliyemdanganya, aliyemwambia alikusudia mlango, naye akasikia nyumba nzima. Damu itokayo baada ya hedhi kukoma ni dalili ya kumpeleka mtu hospitali bila kuchelewa, hata kama kipimo cha siki hakikuonyesha kasoro.

Neno la pili ni homoni. Istilahi hii iliingizwa katika sayansi na Ernest Starling huko London mwaka 1905, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kusukuma. Wapo waliopendelea kuiita kichocheo. Kwa upande wa maana ya asili hawakukosea, ila neno hilo tayari lina kazi katika kemia: huita kitu kiharakishacho mmenyuko bila chenyewe kutumika. Homoni haifanyi hivyo. Zile za kundi la steroidi, kama estrojeni, projesteroni na testosteroni, hutengenezwa mwilini kutokana na kolesteroli. Kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, hupenya utando wa seli, hushikamana na kipokezi kilichomo ndani, na kwa pamoja huamua jeni zipi zifanye kazi. Estrojeni hukuza ukuta wa mji wa mimba. Projesteroni huzuia ukuaji huo na kuukomaza ukuta. Zote mbili zikipungua, hedhi hutoka. Estrojeni ikitenda kwa miaka bila projesteroni, ukuta huzidi kukua, na hapo ndipo saratani iliyotajwa huweza kuanza. Uvimbe wa misuli ya mji wa mimba nao hutegemea homoni hizo, ndiyo maana mara nyingi husinyaa baada ya hedhi kukoma. Uvimbe huo si saratani, ingawa neno uvimbe lenyewe halimwambii mgonjwa hivyo.

Kauli inayosikika sana ni “homoni zimevurugika.” Wanaisimu wataona mara moja kazi ya kiambishi -ik-: kauli ya kutendeka huacha tendo bila mtenda. Homoni ipi? Imezidi au imepungua? Kwa sababu gani? Sentensi imekamilika kisarufi, na mgonjwa anaondoka bila kujua lolote. Ajabu ni kwamba wazungumzaji wa kawaida walikwishalimudu jambo hili kwa neno lao wenyewe: majira. Vidonge vya majira, na hali kadhalika sindano ya miezi mitatu, hubeba steroidi zilizoundwa kwa mfano wa homoni za mwili. Mwanamke ambaye akisikia neno steroidi huwaza wanamichezo wenye misuli minene huenda amezitumia kwa miaka mingi bila kuambiwa jina lake.

Neno la tatu ni kiashiria, yaani kitu mwilini kinachopimika na kuashiria hali fulani. CA 125 ni protini iliyotambuliwa na Robert Bast na wenzake mwaka 1981, na kiwango kinachotumika sana kama mpaka ni uniti 35 kwa mililita. Wengi hukiita “kipimo cha saratani ya ovari.” Jina hilo ni la hatari. CA 125 hupanda wakati wa hedhi na katika mimba. Hupanda kwa uvimbe usio saratani, kwa maambukizi ya nyonga, na kwa kifua kikuu cha tumbo, ugonjwa usio mgeni Afrika Mashariki. Tena huweza kutopanda katika saratani ya ovari iliyo changa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha wanawake zaidi ya 200,000, ambao matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2021, haukuonyesha kwamba kuwapima wanawake wasio na dalili kulipunguza vifo vya saratani hiyo. Faida yake iliyo wazi zaidi ni kufuatilia mwenendo wa ugonjwa kwa mgonjwa ambaye tayari anatibiwa.

Ndiyo sababu kiashiria kinafaa kuliko kipimo cha saratani. Aambiwaye “kipimo cha saratani kimepanda” amekwisha kusikia hukumu. Aambiwaye “kiashiria kimepanda” anaweza, kwa Kiswahili chake kilekile, kukirudisha kitenzi kwa daktari na kuuliza: “Kinaashiria nini?”