Mzigo Ugawanywe, Siri Itunzwe

(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Tabora)



Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, kisha ikagawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja, nao waliishi kwa makundi, wakipika na kula pamoja. Mpagazi alipougua, ama wenzake waligawana mzigo wake, ama aliachwa kando ya njia. Wengi waliachwa. Swali hilo la zamani ndilo linalovikabili vyama vya msingi leo, mwanachama anaposhikwa na ugonjwa mkubwa wa akili.

Misafara hiyohiyo iliacha alama katika historia ya tiba nchini. Mwaka 1896, pale Lutindi katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianzisha makao ya watoto waliookolewa utumwani. Baada ya miaka michache makao hayo yaligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi za shamba na za mikono zikawa sehemu ya matibabu. Baadaye ilikuja Hospitali ya Mirembe huko Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, na kijiji chake cha Hombolo, ambako wagonjwa waliopata nafuu walizoezwa tena kilimo. Pote huko ilionekana kwamba kazi humrudishia mtu heshima na utaratibu wa siku.

Lakini Lutindi na Hombolo ziko mbali na Urambo, Sikonge na Kaliua. Mtu aweza kulima vizuri kijijini kwa hospitali, kisha akarudi kwao akakuta shamba limepewa mwingine, bani limebomoka, na jina lake limefutwa katika orodha ya pembejeo. Hapo ndipo hospitali inapokoma na ushirika unapopaswa kuanza.

Huko Marekani, katika miaka ya 1990, Deborah Becker na Robert Drake walieneza utaratibu mpya. Mgonjwa hakutakiwa kusubiri mpaka apone kabisa, wala kukaa miaka katika karakana ya mazoezi. Alitafutiwa mapema kazi ya kawaida aliyoitaka mwenyewe, na msaidizi aliendelea kuwa naye akishauriana na waganga wake. Utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watu wengi zaidi hupata kazi kwa njia hiyo kuliko kwa njia ya kuzoezwa kwanza. Mkulima wa tumbaku hana mwajiri wa kutafutiwa. Kazi yake ni shamba lake, bani lake na namba yake ya uanachama. Kumsaidia ni kuvilinda vitu hivyo vitatu.

Chukulia mwanachama aliyelazwa wakati wa kuchuma. Akirudi na kukuta jani limeozea shambani, atabaki na deni la pembejeo bila zao la kulilipa. Chama chaweza kukubaliana na jamaa yake avune na kuuza kwa namba ya mgonjwa mwenyewe, na hesabu iandikwe wazi ili fedha zinazobaki baada ya makato zimfikie mwenyewe.

Anapoanza tena, kazi zichaguliwe kwa busara. Kuchochea moto wa bani usiku kucha hakumfai mtu ambaye kukosa usingizi kwaweza kuuamsha ugonjwa wake. Baadhi ya dawa huleta usingizi, na nyingine huufanya mwili ushindwe kustahimili joto kali. Kumwagilia vitalu asubuhi au kupanga madaraja kivulini kwaweza kumfaa zaidi. Aulizwe mwenyewe, na siku yake ya kwenda kliniki au kuchomwa sindano isipangiwe kazi nyingine.

Sehemu ya pili ya jambo hili ni siri. Ili kusaidia, katibu hana budi kujua mambo machache: siku ya kliniki, mtu wa kuitwa hali ikibadilika, na kazi zilizokubaliwa. Jina la ugonjwa si lazima alijue. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Kwa hiyo karatasi hiyo isiwekwe katika daftari la mizani linalofunguliwa na kila mtu, wala isisomwe mkutanoni.

Hata hivyo, kutunza siri si kumficha mgonjwa kwa mganga. Huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwe aliandika habari za wagonjwa wa kifafa, wakiwamo watoto waliotikisa vichwa kwa namna isiyo ya kawaida. Miongo kadhaa baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulipoonekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, maandishi yake yaliwafaa watafiti. Habari ya mgonjwa iliyopita kwa mganga yaweza kuwaokoa wengine. Iliyopita kilabuni humvunja mtu mmoja.

Vyama na viwanda vyenye waajiriwa 20 au zaidi vikumbuke pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwajiri wa kiasi hicho hutakiwa kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, na sheria hiyo hutaja sababu za akili pamoja na zile za mwili.

Ndugu Wanachama, hakuna katika haya linalohitaji jengo jipya wala mfadhili. Kabla ya vitalu vya msimu ujao, kila bodi yaweza kujiwekea azimio fupi: namba ya mwanachama mgonjwa isifutwe kwa uvumi, zao lake livunwe, na habari zake zifungwe kabatini. Mpagazi aliyepunguziwa mzigo alikuwa bado ni mtu wa msafara. Mwanachama aliyeugua naye abaki mtu wa chama.