Kiu ya Aliye Kifungoni
Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Jambo tulilokuja nalo halipendezi kutajwa barazani, kwa kuwa jina la gereza huleta aibu nyumbani. Hata hivyo, wako miongoni mwetu wenye watoto na ndugu waliofungwa, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Nyote mwalijua jua la Garissa. Mwezi wa Februari na wa Machi, kabla ya mvua za masika, joto la mchana mara nyingi hupita digrii 35. Mtu aliye huru hukimbilia kivuli cha mti, hufunga duka adhuhuri, na usiku hutoa kitanda uani akalala penye upepo. Mfungwa hana hata moja la hayo.

Katika mwaka huu unaokwisha tulikwenda kumtazama ndugu yetu mmoja katika gereza moja la nchi hii ya joto. Alitueleza kwamba alfajiri huhesabiwa wakiwa wamechuchumaa safu safu, kisha hunywa uji na kwenda kazini. Alasiri, jua likingali juu, hurudishwa ndani na mlango ukafungwa mpaka asubuhi. Hapo ndipo taabu inapoanza, maana mabati yaliyochomwa na jua mchana kutwa hayapoi upesi, na watu wengi hupumua hewa ya dirisha moja dogo.

Basi wamejiwekea kanuni zao wenyewe. Mahali pa kulala chini ya dirisha hupokezanwa kila usiku, lakini mzee na mgonjwa hawangoji zamu. Kila mtu hulowesha kitambaa akakiweka shingoni. Ndoo ya maji ina mlinzi wake, naye hupima kikombe kwa kikombe ili yasiishe kabla ya mapambazuko. Mwezi wa Ramadhani, hata wasio Waislamu huwawekea wenzao maji ya daku. Alipofika hapo ndugu yetu alinyamaza, kisha akatuuliza, "Je, ule mtungi ungali chini ya mti?" Tukamwambia ungaliko.

Wazee wetu, habari ya maji na kifungo si ngeni kando ya mto wetu. Mto Tana upitao hapa Garissa hushuka mpaka Hola. Huko, tarehe 3 Machi 1959, watu waliowekwa kizuizini siku za Hali ya Hatari walipigwa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa, na 11 kati yao wakafa. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi ukadhihirisha kwamba waliuawa na mapigo. Funzo tulionalo ni hili: mfungwa asiyeulizwa habari zake, hata kifo chake chaweza kusingiziwa maji.

Leo sheria ni nyingine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 51, yasema kwamba aliyefungwa angali na haki zake, ila zile zisizopatana na kifungo chenyewe. Nazo Kanuni za Nelson Mandela, zilizokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zaamuru mfungwa apate maji ya kunywa kila ayahitajipo. Lakini sheria haina miguu; yahitaji watu wa kuifuata mpaka mlangoni.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. La kwanza, wanachama waende kwa zamu kuwatazama wafungwa wetu, hasa miezi ya joto. La pili, Chama kimwandikie mkuu wa gereza kwa adabu, kumwuliza kama matangi ya maji yatafaa, nasi tuchange kadiri ya uwezo wetu. La tatu, arudiye nyumbani apokewe, apewe maji kabla ya kuulizwa maswali.

Bwana Mwenyekiti, mtungi ungali chini ya mti. Ni juu yetu kuupeleka kwa asiyeweza kuufikia.