Nani alikupa huo mkanda? Maneno yetu kwa vijana na wazazi wa Lubondja

 

Tulipanga kuongea mambo mengine leo. Lakini siku hizi vijana wanatuuliza swali moja tu: mtu amefungua mafunzo ya karate, anavaa mkanda mweusi, watoto wanamwita Metre, anaomba dola kila mwezi. Tumpe mtoto au tusimpe? Sitamtaja mtu hapa, na sikuja kumhukumu mtu. Nimekuja tuongee namna ya kuuliza.

Tuanze na mkanda wenyewe. Ule ni kitambaa. Fundi wa cherehani pale soko ya Baraka anakushonea mmoja kabla chai haijapoa. Tena sio kitu cha zamani sana kama filamu zinavyotudanganya. Mambo ya madaraja yalianza na Jigoro Kano, Mjapani aliyeanzisha judo mwaka 1882. Mwaka uliofuata aliwapa wanafunzi wake wawili daraja la kwanza la dan, na mkanda mweusi ukafuata nyuma. Watu wa karate walichukua desturi ile kutoka judo: Gichin Funakoshi alitoa dan zake za kwanza mwaka 1924. Na jina la daraja la kwanza, shodan, kwa Kijapani linaonyesha mtu anayeanza. Sisi tunamwona mwenye mkanda mweusi kama amemaliza, kumbe wenye desturi yao wanasema sasa njo ameanza kujifunza.

Mnaona basi: tangu mwanzo, daraja ni kitu unachopewa na mtu mwingine aliyekuona. Kwa hiyo swali la kwanza kwa Metre yeyote ni hili: nani alikupa? Wapi, na mwaka gani? Cheti cha kweli kiko na jina la aliyekufanyisha mtihani, kiko na tarehe, na mara nyingi kiko na namba. Kwa taekwondo, vyeti vya dan vinavyotoka Kukkiwon, kule Seoul, vina namba ambayo unaweza kuifuata kwenye intaneti. Kwa karate na judo, uliza ligi ya jimbo Bukavu kama wanamjua. Simu moja tu. Mwalimu wa kweli hakasiriki ukimwuliza. Wengi wanafurahi kabisa, maana hapo wanapata nafasi ya kumsifu mwalimu wao.

Najua mtaniambia: kamarade, vita imechoma makaratasi ya watu. Ni kweli. Wengi wetu hapa tulipitia Nyarugusu, kule Kigoma, kambi iliyopokea Wakongomani tangu 1996. Mtu akikuambia alipata mkanda wake kambini, usimcheke. Inawezekana kabisa. Karatasi inaweza kuungua, lakini watu walioanguka pamoja naye chini kwa miaka mitano hawakuungua wote. Wako na WhatsApp. Akuambie majina ya wenzake watatu na jina la mwalimu wao, uwaulize. Asipokuwa na mtu hata mmoja anayemkumbuka, hapo shida sio karatasi tena.

Na tufanye hesabu kidogo. Katika karate, desturi ya mashirikisho mengi ni kungoja kati ya daraja na daraja: miaka 2 kufika dan ya pili, 3 kufika ya tatu, 4 kufika ya nne, 5 kufika ya tano. Jumla 14. Kijana wa miaka 25 anayekuambia yeye ni dan ya tano, toa 14: mkanda mweusi aliupata akiwa na miaka 11! Na kabla ya hapo bado kuna miaka ya mikanda ya rangi. Mwulize taratibu, kwa heshima, alianza akiwa tumboni?

Mimi mwenyewe nilidanganywa. Nilikuwa na miaka 13, na mtu mmoja alikuwa anatufundisha katika uwanja karibu na ziwa. Alijua kurusha teke, hiyo siwezi kukataa. Tukamlipa pesa ya mtihani, mama yangu aliuza samaki kwa ajili hiyo, na asubuhi ya mtihani mtu hayuko. Lakini pesa sio kitu kilichoniuma kupita. Kuna rafiki yetu aliyebeba kiwiko kibaya hadi leo, sababu yule mtu alikuwa anatufundisha kukunja mikono ya wenzetu kabla hajatufundisha kuanguka. Sisi tulidhani maumivu ndiyo masomo.

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri, juu cheti peke yake hakitoshi. Mnawajua Popole Misenga na Yolande Mabika? Ni watoto wa Bukavu, wa jimbo letu. Popole alipotezwa na vita akiwa mtoto wa miaka 9, akakaa porini siku nyingi mpaka alipookotwa, akapelekwa Kinshasa, na kule akajifunza judo. Wote wawili walifika timu ya taifa. Makocha wao hawakuwa watu wa barabarani, walikuwa makocha wa timu ya nchi. Lakini wenyewe walisimulia mbele ya dunia kwamba wakishindwa mashindano walikuwa wanafungiwa ndani, na chakula kinakuwa kidogo. Mwaka 2013, kwenye mashindano ya dunia Rio de Janeiro, waliachwa bila pasipoti na bila pesa, wakatoroka. Wakakaa Brazili kama wakimbizi.

Kule walipokelewa na kocha mwingine, Geraldo Bernardes, mzee aliyefundisha pia Rafaela Silva, bingwa wa Olimpiki. Mwaka 2016 wote wawili walipigana kwenye Olimpiki katika timu ya wakimbizi. Popole alimshinda Mhindi Avtar Singh, halafu akapoteza mbele ya Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa 2015. Alipoteza, na watu uwanjani walisimama wakampigia makofi. Hakufungiwa popote.

Kwa hiyo ukishauliza cheti, nenda ukae uangalie somo moja zima. Usiangalie teke la Metre. Angalia mtoto anaposhindwa. Metre anamfanya nini? Anamwonyesha tena, au anampiga kofi na wengine wanacheka?

Angalia chini wanapoangukia. Najua hapa hatuna tatami. Lakini mwalimu mwenye akili anatafuta mchanga, au anajaza magunia majani makavu, anatandika bashi juu. Anayewaangusha watoto kwenye sima hajafundishwa, au hajali. Kama ni judo, majuma ya kwanza mtoto anajifunza kuanguka: kidevu kifuani, mkono unapiga chini. Kuvunja matofali na kukaba shingo sio kazi ya mtoto wa miaka 9, mifupa yake bado inakua.

Mlango uko wazi? Mzazi akija bila taarifa, anakaribishwa? Wasichana wanafundishwa mbele ya wengine, au kuna masomo ya peke yao usiku? Akisema siri ya dojo haitoki nje, wewe mtoe mtoto siku ile ile.

Na hili naliongea polepole, tunajua tunaishi wapi. Mafunzo yakianza kuwa ya kukimbia porini usiku, na maneno ya bunduki, na watu wazima wasiojulikana wanakuja kuchagua vijana wenye nguvu, ile sio michezo tena. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto, inakataza kuingiza mtoto katika kundi lolote la silaha. Usingoje ushahidi wa kutosha. Mtoe mtoto kwanza.

Juma Mosi asubuhi tutaenda pamoja kuangalia somo, wazazi wanne na sisi wawili. Tumemwambia Metre tunakuja, na yeye amekubali. Hiyo ni alama nzuri kwake. Cheti chake amesema atakileta. Anayetaka kwenda na sisi, aandikishe jina hapa kwa dada.

Sasa maswali. Mama pale mbele, ulinyanyua mkono tangu mwanzo. Tunakusikiliza.