Barabara za Mitaa ni Haki ya Mlipa Ushuru



Sisi wakazi wa jiji la Nairobi tunaunga mkono fedha za Serikali Kuu zitumike kutunza barabara za mitaa yetu. Hatuombi sadaka; twadai kilicho chetu.

Sheria ya mwaka wa 1993 ilianzisha ushuru wa kutunza barabara, unaotozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwezi wa Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Hata asiye na gari huulipa: mama muuza mboga huulipa ndani ya nauli ya matatu.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti barabara za kaunti. Kazi ikishuka, fedha nazo zishuke. Wabunge na magavana walipozozania fedha hizo mwaka wa 2025, mashimo hayakungoja hukumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta: maji ya mvua hupenya chini ya lami, na palipohitaji kiraka pakahitaji barabara mpya.

Hata hivyo, tunaweka sharti. Kifungu cha 201 cha Katiba chaamuru uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Basi kila wadi itangaziwe kiasi kilichotengwa, mkandarasi aliyepewa kazi na siku ya kuimaliza.

Ndugu zetu, bajeti inapojadiliwa tusibaki nyumbani. Aliyelipa ana haki ya kuuliza, na aliyepokea ana wajibu wa kujibu.