Ufunguo mmoja, makarani ishirini

Juma hili nawaomba tuingie katika chumba ambacho wengi wetu hatutakiona kwa macho, nacho ni chumba cha kompyuta. Lakini kabla hatujafika huko, tupite kwanza katika ofisi ya kawaida ya mjini.

Ofisi ina madirisha kumi na makarani kumi, na foleni imefika barabarani. Mwananchi akiuliza kulikoni, anaambiwa kwamba daftari ni moja, liko chumba cha ndani, na ufunguo wa chumba hicho ni mmoja. Karani akitaka kuandika jina lako, sharti angoje mwenzake atoke. Mkubwa wa ofisi, kwa nia njema kabisa, anaajiri makarani kumi wengine. Foleni inabaki pale pale. Kilichoongezeka ni idadi ya makarani waliosimama mlangoni mwa chumba cha ndani, na bila shaka, mishahara.

Sasa twende kwenye kompyuta. Siku hizi huduma kubwa haikai katika kompyuta moja. Hukaa katika kundi la mamia au maelfu ya kompyuta, na juu ya kundi hilo huwekwa programu ya kupanga kazi. Mpangaji huyu akiletewa kazi hutafuta kompyuta yenye nafasi, huipeleka kazi huko, kisha huandika daftarini. Kazi inangoja, ameandika. Imepewa kompyuta, ameandika. Imeanza, ameandika. Imekwisha au imekufa njiani, ameandika tena. Daftari hilo ndiyo kumbukumbu yake yote. Akizimika usiku na mwingine akashika zamu, huyo mpya ataanzia kwenye daftari.

Mfano mmoja unaofahamika ni Aurora, mpangaji aliyetumiwa kwa miaka mingi na kampuni ya Twitter ya Marekani, na ambaye baadaye alikuwa mradi wa shirika la Apache mpaka ulipofungwa mwaka 2020. Daftari la Aurora lilikuwa na nakala katika kompyuta kadhaa, ili moja ikiungua nyingine zibaki. Kwa hiyo neno halikuhesabiwa kuwa limeandikwa mpaka nakala zilizo nyingi zikubali. Kama ni tano, basi tatu. Na wakati wa kuandika, mwandishi alikuwa mmoja tu. Wataalamu huliita jambo hili kufuli la kuandikia. Sisi tuuite ufunguo.

Msikilizaji atauliza, kwa nini basi ufunguo usitupwe? Jibu ni kwamba ufunguo una sababu. Waandishi wawili wakiingia pamoja, kila mmoja ataona nafasi ile ile katika kompyuta ile ile, na kila mmoja ataitoa kwa kazi yake. Wahenga walisema, nahodha wengi chombo huenda mrama. Daftari la haraka lenye uongo ni baya kuliko daftari la polepole lenye ukweli.

Lakini ufunguo una gharama, na gharama hiyo inahesabika. Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme kila anayeandika hushika ufunguo kwa milisekunde 10, yaani sehemu 10 katika 1,000 za sekunde. Basi kwa sekunde moja wataandika watu 100, hawazidi. Leta kompyuta elfu kumi, watabaki 100. Mtaalamu wa Marekani, Gene Amdahl, alilieleza jambo hili mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka wa kasi, hata ukiongeza mikono.

Tena mpaka huo hauonekani siku za raha. Huonekana siku ya msiba. Umeme umekatika katika safu moja ya kompyuta, kazi maelfu zimekufa kwa mara moja, na kila moja inataka iandikwe kuwa imekufa, kisha iandikwe kuwa inangoja, kisha iandikwe mahali pake papya. Wote wanaugombania ufunguo saa ile ile ambayo wateja huko nje wanabonyeza simu zao na hawapati jibu.

Je, dawa ni nini? Ziko tatu, na hakuna hata moja inayoanza kwa kununua mitambo.

Dawa ya kwanza ni kupunguza yanayofanywa ndani ya chumba. Kutafuta kompyuta yenye nafasi ni kufikiri, na kufikiri kunaweza kufanywa nje ya mlango. Mtu afanye hesabu zake nje, kisha aingie, ahakikishe kwamba nafasi aliyoiona ingali wazi, aandike, atoke. Vilevile kunakili daftari zima kwa ajili ya akiba: likinakiliwa huku ufunguo umeshikwa, ofisi yote husimama.

Dawa ya pili ni kuandika kwa mkupuo. Turudi kwenye zile milisekunde 10. Tuseme 8 kati yake ni za kungoja nakala zikubali, na 2 tu ndizo za kuandika kwenyewe. Karani mmoja akikusanya fomu 20 na kuingia nazo mara moja, atangoja zile 8 mara moja tu, na kuandika kutachukua 40. Jumla ni 48 kwa fomu 20, maana yake zaidi ya fomu 400 kwa sekunde mahali palipokuwa na 100. Watengenezaji wa Aurora walikwenda njia hii pia, wakampa mpangaji uwezo wa kupanga kazi kadhaa kila anaposhika ufunguo. Lakini kila dawa ina kipimo. Anayeingia na fomu 1,000 atakaa ndani zaidi ya sekunde mbili, na mwenye fomu moja ya dharura atamsubiri mlangoni.

Dawa ya tatu ilielezwa na watu wa Google mwaka 2013 katika mpangaji waliyemwita Omega. Hapo wapangaji ni wengi, na kila mmoja ana nakala yake ya picha nzima ya kompyuta. Kila mmoja hupanga bila kumngoja mwenzake, kisha huleta uamuzi wake uandikwe. Wawili wakigongana juu ya nafasi moja, mmoja hupata na mwingine hurudi kupanga upya. Njia hii ni nzuri migongano ikiwa michache. Ikiwa mingi, watu watashinda wakipanga upya kutwa nzima.

Ndugu wasikilizaji, nimeyasema haya kwa sababu siku hizi huduma zetu nyingi zinaingia katika kompyuta, na fedha za kuzinunua ni za walipa kodi na za wateja. Huduma ikipooza, la kwanza linalotajwa mezani ni kuongeza mitambo. Mkubwa mwenye busara, kabla ya kutia sahihi, aulize maswali mawili: watu wanangoja ufunguo kwa muda gani, na aliyeushika anakaa nao kwa muda gani? Asiyeweza kujibiwa maswali hayo bado hajajua anachonunua. Huenda anaajiri makarani kumi wengine wa kusimama mlangoni.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.