Namba ya nani?



Juzi nilikaa kwenye benchi la steshenari moja hapa Bariadi mjini nikisubiri kopi zangu. Mbele yangu alikuwepo binti wa kidato cha nne anayefunguliwa barua pepe na akaunti ya kujisomea mtihani mtandaoni. Mkoa wetu ulisifika kwa makambi ya kitaaluma, watoto wakikaa pamoja kujinoa. Sasa kujinoa kumeingia hadi kwenye simu. Kijana wa kompyuta akauliza jina, akauliza shule. Neno la siri akalibuni mwenyewe, jina la binti na 123.

Kisha ikatakiwa namba ya kupokelea kodi. Kodi ya uthibitisho, si ile ya TRA. Binti hana simu. Shuleni hairuhusiwi, na ya nyumbani ni moja, anayo baba, na baba yuko Meatu kwenye pamba.

"Basi tuweke yangu," kijana akasema. Akabonyeza, mambo yakaisha.

Yakaisha vibaya. Chukua ghala la pamba lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti, wa pili kwa katibu. Neno la siri ni kufuli ya kwanza, kodi ni ya pili, na nia ni kwamba mwizi akishika ufunguo mmoja abaki nje. Sasa funguo zote mbili anazo kijana wa steshenari. Simtuhumu; alisaidia. Ila mwezi Novemba binti akiwa kwa shangazi yake Lamadi, kodi itaita Bariadi, na huenda kijana amekwisha hamia Mwanza na laini kabadilisha.

Utaniambia kwenye maswali ya majaribio hakuna cha kuiba. Sawa. Lakini barua pepe ileile ndiyo atakayoombea mkopo Bodi ya Mikopo akimaliza kidato cha sita.

Mimi ningeweka namba ya mtu asiyehamahama, mama au bibi, laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Piga *106# uhakikishe. Naye aambiwe mapema: anayepiga simu akiomba asomewe kodi, hata akijiita mwalimu, asisomewe.

Penye simu janja, iko programu ya kutengeneza kodi humohumo kwenye simu. Haili bando wala haihitaji mnara. Inachukua siri iliyopewa siku ya kuunganishwa, inaichanganya na saa, inatoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30. Ndiyo maana saa ya simu ikipotoka, kodi inakataliwa, na watu wanalaumu mtandao bure.

Na bibi mwenye kitochi? Ziko kodi za akiba. Google, kwa mfano, hutoa 10, kila moja ya tarakimu 8, na ukiitumia mara moja imekufa. Zichapishe, si tayari uko steshenari? Karatasi ikae na cheti cha kuzaliwa. Ila usiondoke kabla faili halijafutwa kwenye kompyuta ile.

Kopi zangu zilipotoka nilimuuliza kijana ni akaunti ngapi zina namba yake. Akacheka, akanifungulia meseji. Kodi juu ya kodi, alisogeza kidole hadi akachoka.

"Nyingine hizi," akasema, "hata sijui ni za nani."